Yule Mwingine

Bi Tunu alipotoka eda, mwanawe Shadhili alimwekea kwenye televisheni mpya filamu ya zamani ambayo marehemu baba yake aliigiza.

Marehemu alitokea akishuka ngazi. Bi Tunu alikunja uso.

“Huyu nani?”

“Ni baba huyo, mama.”

“Baba yako hakutembea hivi. Huyu kama ana magurudumu miguuni. Umemfanya nini?”

“Sijamgusa. Televisheni hizi zinabuni picha zao na kuzipachika katikati ya zile za filamu, ili mwendo uwe laini.”

“Kwa hiyo nusu ya ninayemwona hapa hakuwahi kuwepo.”

Shadhili alichukua rimoti, akatafuta mahali pa kuzima ulainishaji huo, akauzima. Picha ikaanza kukwamakwama kidogo, na marehemu akashuka kwa hatua zake mwenyewe, bega moja limetangulia.

Bi Tunu, ambaye eda nzima hakutoa chozi mbele ya watu, aliuvuta mtandio hadi mdomoni.

“Rudisha yule mwingine,” alisema.

Kidole cha Shadhili kilibaki juu ya kitufe. Kwenye kioo, baba yake alikuwa amefika mlangoni, ameinua mkono kubisha hodi.