Ulimi Uliozikwa na Mwami

Sikieni hii jamani! Babu yake Arlène, mwami, yaani mfalme wa kwao, aliyefia ugenini mtaani La Rochelle, aliacha wasia: likembe lake, kile kinanda cha ndimi za chuma cha kupigwa kwa vidole gumba, apewe Arlène, na pesa zake zilipie misa ya kumwombea kila mwezi, mjukuu akimpigia wimbo apumzike.

Ila kwao mwami akifa, ulimi mmoja wa chuma hung'olewa kwenye likembe na kuzikwa naye. Arlène akapanga kuiruka tu sauti ya ulimi huo.

Kanisani Rosettenville, mtaa wa jirani, padri akataja jina la marehemu. Arlène akapiga mpaka kwenye pengo.

Sauti ikalia.

Mama yake akamdaka mkono. "We! Si tulimzika nao?"

"Eish, Maman, sijagusa kitu!"

Akaangalia chini. Pengoni kulikuwa na chuma chenye udongo mwekundu, bado kinatetemeka.