Shiraa Yapita Mikokoni

Hema jeusi lilikuwa likitembea kati ya mikoko. Mbele yake Bwana Abdulhalim akichoma matope kwa bakora, kutafuta palipo pagumu.

Ilikuwa shiraa ya mkewe, Bi Radhiya: miti imechukuliwa na watumishi wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na kitambaa kimeshuka pande zote hata chini, kama ilivyowapasa mabibi wa Pate siku zile. Miaka saba tangu aolewe, Radhiya aliomba jambo hili moja tu, apelekwe kilimani ng'ambo ya kinamasi, akitazame kisiwa cha Ndau alikozaliwa. Mamake alizikwa huko, naye hakuwahi maziko.

"Utakwenda," mumewe alimkubalia mwishowe, "lakini shiraa haitafunuliwa hata upana wa kidole."

Basi akawa anamweleza. Kulia yangeyange, weupe kama pamba. Kushoto maji yaanza kujaa. Na kwa kuwa sauti ya bibi wa heshima haisikiki njiani, kila alipouliza kama amefahamu, ndani kulipigwa kofi moja.

Nyuma hakutazama, alikaripia tu. "Wewe wa nyuma, inua mti. Mke wangu atajikwaa."

Wakamkuta Athman, mkata boriti, ameketi juu ya mzigo wake. Akawapisha, akaitazama shiraa mpaka ikapita yote.

"Bwana, huyo wa nyuma hakuzoea kazi. Atembea kama aliyekuja kutazama nti, si kuchukua mzigo."

Abdulhalim akajibu kwamba tangu Serikali iwape watumwa uhuru, watumishi hawajui tena kuchukua mti. Lakini, akaongeza kwa fahari, uso wa mkewe haujaonwa na mwanamume ila yeye.

"Mashallah," akasema Athman, macho yake yangali kule kule.

Kilimani upepo ulikuwa mwema. Ndau ikaonekana wazi, minazi yake na mchanga wake, na Abdulhalim akaisifu kwa urefu. Kofi moja. Kutoka nyuma ya shiraa akasikia mtu analia kwa kwikwi.

"Wa nyuma, kalilie kwenu," akasema. "Usimharibie Bibi matembezi."

Nyumbani shiraa ikateremshwa ukumbini. Abdulhalim akakiinua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akauliza kwa upole, "Je, umeiona Ndau?"

Akatoka Hadia mpishi, viganja vimemwiva kwa makofi.

"Mimi sikuona kitu, Bwana. Muulize wa nyuma."