Upande wa Pili wa Bango

Shekuwe, katibu wa tawi la chama, alimletea fundi Makame bango la kitambaa la mwaka jana, lile la WAVAMIZI WATOKE.

"Geuza upande wa pili, uandike HONGERENI WAKOMBOZI."

"Si nao wameingia nchi ya watu na vifaru, kama wale wa mwaka jana?"

"Wale maadui, fundi. Hawa wenzetu."

Mke wa Makame alikuwa mzaliwa wa nchi hiyo iliyoingiwa sasa, na tangu juzi simu ya mama mkwe haikupatikana. Makame aliandika kwa brashi ile ile ya mwaka jana, akalianika bango uani. Jua likalipiga kwa nyuma, maneno ya pande zote mbili yakaonekana pamoja.

Mkewe alitoka na beseni la nguo, akasimama kulisoma, kibanio mdomoni.