Kiboko na Tembo Walivyokula Moto

Hapo kale, juu kabisa angani, nyota walikuwa wanyama na chakula chao kilikuwa moto. Panya alimung'unya cheche moja moja. Kiboko alibugia matonge, aking'aa kupita kiasi.

"Punguza, jirani," Panya alimsihi.

"Ukila kidogo, nani atakuona?"

Siku moto ulipomwishia tumboni, Kiboko aliporomoka kwa ndani, kisha bwaa! ngozi ikaruka huko. Kikabaki kidude kama gololi, kizito ajabu, kikizunguka kama pia. "Jamani, kizunguzungu!" kilipiga kelele kila kilipogeuka.

Tembo, mkubwa kuliko Kiboko, alicheka hadi machozi huku akitafuna. "Mimi kugeuka gololi? Ng'o!"

Na kweli hakugeuka. Zamu yake ilipofika alididimia, akadidimia, hata gololi isibaki. Ulibaki mdomo tu, mweusi tii.

Panya, kwa adabu zake, hakuweza kupita kwa jirani bila salamu. "Hodi!"

Hodi ikamezwa. Akangoja aambiwe karibu. Badala yake masharubu yakaanza kuvutwa. Alitoka nduki! Hakusimama mpaka huku kwetu, na ndiye anayetukaushia kanga kambani hadi leo, cheche moja moja.