Kamba ya Uani

Viza ya masomo ilipotoka, Tunu alikuwa ameshachomwa chanjo na nafasi ya bweni huko ng'ambo ameshaipata. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Shehe, ambaye alikuwa haoni na hakuwa na mtoto mwingine. Jirani alikubali kumpikia. Lakini chooni, alikozoea kwenda ameshika bega la Tunu, nani angempeleka?

Asubuhi ile Tunu alifunga kamba ya katani kwenye mlango wa jikoni, akaipitisha kwenye mpapai, akaimalizia kwenye mlango wa choo.

"Jaribu, baba. Mimi sikushiki wala sisemi."

Mzee akaishika kamba, akaenda taratibu. Penye mpapai alijikwaa. Tunu akauma pindo la kanga yake ili asimkimbilie.

"Nimefika," baba alisema, uso umeelekea ukutani. "Umeona? Nenda zako ukasome, mwanangu. Huku hakuharibiki kitu."

"Ndiyo, baba."

Mzee akageuka kurudi. Mkono mmoja uliteleza juu ya kamba. Wa pili aliuinua hewani, usawa wa bega la Tunu, akatembea nao hivyo, vidole vimekunjuka, mpaka mlangoni.