Uso wa Hadiya

Daktari Hanifa aliweka kioo kidogo chini ya pua ya Hadiya, akangoja. Kioo hakikushika ukungu.

"Hapumui kwa pua," alisema. "Tangu lini analala mdomo wazi?"

"Tangu ana miaka miwili," alijibu Mwanaima, mama yake. Hadiya sasa alikuwa na minane.

Daktari alieleza taratibu. Nyama za nyuma ya pua zilikuwa zimevimba. Mtoto akipumua kwa mdomo miaka yote hiyo, ulimi hauegemei kaakaa. Taya la juu hubaki jembamba, meno husongamana na kutokeza, uso hurefuka.

"Hakuzaliwa na sura hii," alisema. "Aonwe kwanza na daktari wa pua, kisha tutarekebisha meno."

Sharif, baba yake Hadiya, hakuinua macho. Aliyesema ni mama yake, Bi Twaiba.

"Daktari, mwanangu, ukoo wetu hauna uso huu. Tazama huyu." Akamvuta Swafwan, mdogo wake Hadiya, mwenye miaka minne. "Siku ya arubaini yake, kila aliyempakata alisema ni Sharif mtupu. Lakini huyu wa kike, Kinondo nzima wananiuliza ni wa nani."

"Basi, mama," alisema Sharif. Akamgeukia daktari. "Nataka tupimwe DNA, mimi na yeye. Akiwa si wangu, Mwanaima aende kwao."

 Abdurahman, mdogo wake Sharif aliyewaleta kwa gari, aliinuka akatoka nje.

"Nitachukua mate, niyapeleke maabara Mombasa," alisema daktari. "Nichukue ya watoto wote wawili?"

"Hadiya peke yake," Mwanaima alijibu upesi. "Yeye ndiye anayesingiziwa."

"Hapo umesema kweli," alisema Bi Twaiba. "Huyu wangu wa kiume ushahidi anao usoni."

Majibu yalichukua majuma mawili. Mwanaima alifunga kila Jumatatu na Alhamisi. Akisujudu, alikawia mpaka Hadiya akamwita akidhani amelala.

Siku ilipofika, Sharif alifungua bahasha palepale mbele ya daktari. Alisoma, akarudia. Kisha akapiga magoti, akaushika ule uso mrefu kwa mikono miwili.

"Ni wangu," alisema, na machozi yakamtoka. "Mwanaima, nisamehe."

Bi Twaiba alivuta pua. "Nimekuonea, mkwe wangu. Niwie radhi. Meno yake nitayatengeneza mimi, hata niuze minazi."

"Nimewasamehe nyote," alisema Mwanaima.

Akampakata Swafwan, na kimoyomoyo akamshukuru Mola kwa kuwaumba Sharif na Abdurahman kwa sura moja.