Trafiki Wako Mbele

Mhando alimkabidhi abiria wake helmeti kabla hata ya kukubaliana nauli. Mwanamke yule alikuwa ametoka kusuka saluni, akaitundika kiwikoni kama mkoba.

"Kwani leo trafiki wapo?"

"Wapo, dada. Wako mbele hapo."

Akasonya, akaivaa. Mhando hakuwasha pikipiki mpaka aliposikia kifungo cha kidevuni kimelia ta.

Darajani hapakuwa na trafiki. Sokoni pia hapakuwa na trafiki. Mhando aliendesha taratibu mno, hata baiskeli ya muuza maziwa ikawapita.

"Kaka, mbona siwaoni?"

"Wako mbele, dada."

Kwenye kona ya mashine ya kusaga alipunguza mwendo zaidi. Hapo ndipo mkewe, Mwajabu, alipomuuliza kama trafiki wapo, siku ya harusi ya mdogo wake, kichwa kizima kimesukwa kikapendeza. Naye Mhando alimjibu bila hata kugeuka, "Leo hawapo, mama watoto. Vua tu, usije ukaharibu nywele." Lori likatokea.

Walipofika, mwanamke aliteremka, akavua helmeti, akazipapasa nywele zake kwa hasira.

"Umenidanganya, kaka. Trafiki gani hao?"

"Nisamehe, dada," alisema Mhando.

Akaipokea helmeti kwa mikono miwili. Ilikuwa bado na joto la kichwa kilichofika salama. Akaikumbatia kifuani, wala hakuwasha pikipiki.